Vifaranga Chini ya Karai

Mama alilazwa hospitalini Mukumu wiki ile ile kuku wake mwekundu alipoangua vifaranga kumi na mmoja. Ilikuwa miaka ya tisini, mimi msichana wa miaka kumi na sita, ujuaji mwingi, masikio hakuna. Kabla hajaondoka alinishika mkono. "Hao vifaranga ni wangu. Nakuachia wewe. Asipotee hata mmoja." Nikaapa.

Kakamega yetu imezoea mvua, lakini Januari ile ilitukimbia kabisa. Ungedhani tumehamia Lodwar. Na mwewe nao! Kwetu vifaranga hufunikwa kwa tenga, jiwe juu, mama yao akafungwa kamba mguuni hapo kando. Tenga letu lilikuwa limetoboka, na baba akaniambia nilishone. Nani ashone? Nilichukua karai la simiti, nikawafunika kwenye kivuli cha ghala, nikaweka kijiwe chini ya ukingo wapate hewa. Kisha nikaenda kumpelekea mama obusuma, ugali wetu, na mboga, nikijisifu njia nzima.

Kivuli huhama. Hata mtoto mchanga wa akili anajua hilo! Niliporudi alasiri, karai lilikuwa juani, na nilipolifunua liliniunguza vidole. Woi! Wote kumi na mmoja walikuwa wamesongamana kwenye kile kipenyo, midomo wazi, wamekufa. Kuku alikuwa amevutana na kamba hadi mguu ukatoka damu. Baba aliwazika nyuma ya migomba bila kunikemea. Afadhali angenichapa.

Jumapili, mama akauliza, "Vifaranga wangu wanaendeleaje?"

Alikuwa amekonda hadi pete inamchomoka kidoleni. Nikamwambia, "Wazima, mama. Wanakula mchwa vizuri."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilifika Aprili. Kila Jumapili niliwakuza wale vifaranga kwa mdomo: wameota mabawa, majogoo ni watano, mmoja juzi amejaribu kuwika sauti ikamkwama. Hilo la kuwika mama alilicheka mpaka akakohoa. Baba alisimama pale akitazama dirishani. Mimi nilidhani namfurahisha mgonjwa, basi.

Alifariki mwisho wa mwezi ule. Siku ya mazishi wakaja kaka zake wanne, na kwetu mjomba hatoki matangani bila kula ingokho, yaani kuku. Mama mdogo, dada yake marehemu, akaniita jikoni. Maji yalikuwa yanachemka na kisu ameshakinoa.

"Haya, mwanangu, lete kuku."

"Kuku gani, mama?"

"Wa mama yako. Aliniambia nisihangaike kutafuta, wapo, tena wakubwa. Alisema, 'Kaka zangu hawatakula mboga siku yangu ya mwisho. Mtoto wangu amenitunzia.'"

Kumbe alikuwa akiuliza kwa sababu hiyo! Alijua haponi, na kila Jumapili alikuwa akiwapangia kaka zake chakula, nami namjazia sahani kwa uongo.

Nilitoka nikamkamata yule kuku mwekundu, nikamletea. Alama ya kamba ilikuwa bado mguuni.

Mama mdogo akampokea, akatazama nyuma yangu mlangoni. "Na wengine?"

Nikamwambia yote. Huko sebuleni wajomba walikuwa wameanza kunawa mikono.