Utii wa Mama Djo

Watu wa Bukavu walioko Birmingham humwita Mama Djo, ingawa Djo mwenyewe hakufika huku. Jina lake ni Rosalie. Anatunza wazee huko Longbridge, na ukitaka kumuudhi, mpe pole.

Mwaka huu alijiunga na darasa la jioni Saltley, la historia ya utawala. Mwalimu Lakhbir aliwaeleza jinsi Ulaya, ilipokuwa ikichinjana kwa ajili ya dini, ilivyotafuta mamlaka moja isiyo na mkubwa juu yake. Mfaransa mmoja aliandika kwamba mamlaka hiyo haigawanyiki, na mfalme hujibu kwa Mungu tu. Rosalie aliitikia kwa kichwa, maana ndivyo alivyolelewa: mwenye nguvu mpishe. Kisha akatajwa Mwingereza mmoja, aliyekuwa mkimbizi Paris wakati kwao kunawaka vita. Huyo alisema watu humtii mtawala ili awalinde, na ulinzi ukikoma, utii nao umekoma. Rosalie aliomba arudiwe maneno hayo. Alikwenda nyumbani moyo unamuuma.

Vita vilipokaribia kijiji chao, mwami Aganze, mtawala wao wa jadi, aliamuru asihame mtu. Djo alitaka wakimbie. Mama yake akamkemea, neno la mwami halivukwi, wakabaki. Alfajiri mwami akaondoka kwa gari na watu wa nyumba yake. Waasi walipoingia, walimuua Djo mlangoni. Rosalie alijichukia kwa kule kumkemea kuliko alivyowachukia waliomuua.

Aganze naye sasa yuko Shard End, dereva wa teksi kama wengine. Lakini akiingia tu ukumbi wa kanisa, watu wa kwao husimama na kumpigia makofi ya heshima, utadhani kamwe hakuwaacha. Miaka yote Rosalie alisimama nao. Jumapili iliyopita hakusimama.

Jeanne, aliyesimama kando yake, alimvuta mkono bila mafanikio. Aganze akaja hadi mbele yake, akamuuliza kwa upole kama anaumwa miguu.

"Maguu iko muzima, Mwami," Rosalie alisema. "Ulituambia tubakie, tukabakia. Weye ukaenda. Nikutii tena juu ya nini?"

Mzee yule alivua kofia.

"Mukae," akawaambia wengine, nao wakakaa. Yeye akabaki amesimama, akingoja Rosalie amwambie aketi. Rosalie hakumwambia.