Mkono wa Farjallah Hewani

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Farjallah ni kidole chake cha shahada. Nilipomwamkia shikamoo barazani kwake, mtaani Barani, mdomo uliitikia marahaba, na kidole nacho kikagonga meza: kifupi, kirefu, kirefu. Kilikuwa kikiitikia kwa lugha yake.

Ujanani alikuwa karani wa simu za upepo, meza moja na Mangi wa Junju. Walipeleka habari za arusi, misiba na mizigo kwa milio mifupi na mirefu, na kila mmoja aliujua mkono wa mwenzake kama mtu ajuavyo mwandiko. Mashine zile ziliondolewa zamani. Mwaka jana Mangi alipatwa na kiharusi. Ulimi ukawa mzito, simu ya mkononi ikawa haimfai. Mkono wa kulia ulibaki mzima.

Hapo Farjallah akaufufua mchezo wake wa kale, kuunda mitambo ya kurushia mawimbi kwa valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Walipopata leseni, alimuundia Mangi mmoja, akampelekea. Wake mwenyewe aliufunga juu ya ubao uliokuwa wa mbuzi ya kukunia nazi ya Bi Zeina, mkewe.

Mlio wa Mangi ulifika safi: "Farjallah, uko wapi?" Farjallah akajibu, akajibu tena. Kahaso, bintiye Mangi, akapiga simu kutoka Junju.

"Mzee, tunasikia mlio unaanza, kisha unateleza kama kambare, unapotea."

Kosa lilikuwa la mtu wa pwani. Kwa kuhofia chumvi ya bahari, alikuwa ameipaka koili, zile nyaya zilizozungushwa, sifa, mafuta ya papa yapakwayo mashua. Valvu ikipata moto mafuta yalilainika, nyaya zikasogea, na wimbi likahama. Nyumba nayo ikanuka.

"Paka wote wa Barani wamehamia kwangu," Bi Zeina alilalama. "Wewe wamwita Mangi au wawaita paka?"

"Angalau wao huitika."

Kisha akaugeukia mtambo. "Zeina, Mangi asije akadhani nimemsusa."

Alizifumua nyaya zote, akazizungusha upya juu ya chupa ya kioo, kavu, bila tone la mafuta. Jana tuliujaribu mtambo pamoja. Mlio ulisimama pale pale, haukuyumba hata valvu zilipowaka sawasawa. Nilimuuliza atamwambia nini Mangi.

"Nitamtaka radhi kwa kuchelewa. Halafu nitamtukana kwa utani wetu wa zamani, ajue ni mimi."

Wamepatana kesho Jumapili, Mangi akishatoka kanisani. Kahaso amekwisha kupiga simu mara mbili kuuliza saa. Asema babake hakutaka kungoja kesho: shati la kanisani amelivaa tangu leo asubuhi, na kiti chake amekisogeza karibu na mtambo.