Keki Iliyotiwa Tui la Moto

Shangazi alinipiga kibao kabla sijafungua mdomo. Keki ya harusi ya dada yangu, yenye ngazi tatu, ilikuwa imelala upande, na tui likichuruzika kutoka kwenye sinia mpaka mkekani. Kosa lilikuwa langu. Kwetu vibibi, vile vikate vya mchele, humwagiwa tui likiwa bado la moto, basi nami nilipika tui zito la sukari na hiliki, nikalitia katikati ya keki lingali linafuka mvuke. Keki ikalinywa, ikalegea, ngazi ya juu ikateleza.

"Mjinga wee! Wakwe wanaifuata alasiri!" Mwiko ukatua begani, ukatua mgongoni. "Wakiikataa, nakuvunja mkono. Wallahi nakuvunja."

Nilimwamini. Ndiye aliyenilea, na kidole changu cha mwisho alishakipinda kwa mwiko ule ule.

Mimi si msemaji. Nilishika kisu nikakata kila palipolowa. Nikakoroga sukari ya unga na maji kidogo mpaka ikawa nzito kama udongo wa kukandikia, nikazungusha ukuta ukingoni mwa kila keki, na ndani ya ukuta nikatia jamu ya mapera iliyokwisha kupoa. Nikachonga vijiti vya uti wa kuti, nikavizamisha katika keki ya chini, vyote kimo kimoja, ili ngazi ya pili ikalie vijiti, isiilemee keki. Na ya pili nikaifanyia vivyo hivyo. Damu ya pua, ya kile kibao, ikadondokea sukari nyeupe. Nikaikwangua nikaitupa, nikapaka upya.

"Fanya upesi, kiziwi!"

Mwiko ukaniangukia kifundo cha mkono. Ngazi ya juu ilikuwa mikononi mwangu, sikuiachia. Niliitua polepole, nikainyoosha. Kisha nikageuka, nikamng'ata shangazi mkono, nikakaza meno mpaka nikaonja damu.

"Ananiua! Mtoto ananiua!"

Mwiko ukaanguka. Papo hapo wanawake wa ukweni wakaingia uani kwa vigelegele.

"Mashallah, keki hiyo! Bibi, mkono umefanyaje?"

"Jiko," alisema shangazi, akiuficha ndani ya kanga. "Jiko limeniunguza."

Wakaondoka na keki imesimama wima. Tukabaki wawili. Shangazi akautazama mwiko pale chini, nami nikautazama. Alipoinama, nikasogea hatua moja mbele.

Akainuka mikono mitupu, akaenda kuosha masinia.