Ulimi wa Obeid na Sahani ya Bi Hadil

Obeid alikuwa fundi wa lipu mtaa wa Mkomani, mtu wa kukarabati zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo nyumba za kale za Amu hupanga vyombo vya fahari. Kazi yake haikuwa na aibu. Aibu ilikuwa ile tabia yake ya kulamba sahani za watu.

Si sahani za wali. Ni zile za kaure, zilizoletwa kutoka Uchina enzi za mababu. Aligeuza sahani kifudifudi, akatafuta kile alichokiita kisigino, yaani duara la chini ambalo sahani huketia, akaliramba. "Kisigino cha kale hakikupakwa rangi ya kung'aa," alieleza. "Ni kikavu, hushika ulimi. Cha juzi huteleza kama sabuni."

Mkewe, Bi Barka, alikuwa amechoka. "Mngu alikupa ulimi wa kusomea Fatiha," alimwambia, "si wa kupimia vyombo."

Alasiri moja Bi Hadil, jirani mwenye jumba la ghorofa tatu, alimwita.

"Bwana Obeid, ndoo nyumbani uniangalilie sahani zangu. Wakwe wa Lubna wanakuya yeo kutoka Pate. Baba wa bwana arusi, Bwana Jamaludin, asema sahani za Pate ni kongwe kuliko za Amu nzima. Nataka iliyo kongwe kabisa ikae kidaka cha kati."

Obeid akaingia kazini. Aliinyanyua kila sahani kwa mikono miwili, kamwe si kwa ukingo. Moja ilikuwa imebanwa na waya wa kutundikia. Akaulegeza polepole, akinong'ona "pole" kana kwamba ni mgonjwa. Akauliza nani amezisugua kwa steelwuli. Bi Hadil akatazama dari.

"Na ile kubwa ya buluu, yenye samaki?"

Ile ilikuwa jikoni kwa Lubna, bibi arusi mwenyewe. Alipokuwa akiifuta iligonga sinki, kikatoka kipande cha kisigino upana wa ukucha. Alikuwa ndiyo kwanza amekipachika kwa gundi ya supaglu, haijakauka, alipomsikia mamake akiita. Akaileta, uso umempauka.

Obeid akaigeuza. Buluu ilikuwa ya mkono: mahali imekolea, mahali imefifia, samaki mmoja ana jicho kubwa kuliko mwenzake. Moyo ukamruka. Akafumba mato, akatoa ulimi.

Haukurudi.

"Waonaje?" akauliza Bi Hadil.

"Imenaha," akasema Obeid.

Lubna alipofahamu, alitoka mbio kumwita Bi Barka. Mlangoni akapishana na wakwe, waliofika mapema. Bwana Jamaludin, mzee mnene mwenye kanzu iliyopigwa pasi vikali, akaingia sebuleni, akamkuta mwanamume mzima uso umefunikwa na sahani.

Bi Hadil akajikaza. "Huyu ni mtaalamu wetu. Ndivyo tupimavyo sahani Amu."

Bwana Jamaludin hakukubali kupitwa. "Hata kwetu Pate twafanya," akasema. "Ila sisi hulamba pande zote mbili."

Akatwaa sahani ya maua mekundu, akailamba mbele, akailamba nyuma, akavuta pumzi. "Hii imepita mikono ya masultani."

Obeid, mato yakichungulia juu ya ukingo, aliona mgongo wa sahani ile. Uliandikwa kwa Kiingereza kwamba yaruhusiwa kutiwa ndani ya maikrowevu.

"Maiko... weu," akajitahidi.

"Miaka mia na ushei," akatafsiri Bwana Jamaludin. "Mtaalamu amethibitisha."

Basi mke wa mzee naye akalamba, na shangazi wawili waliofuatana nao wakalamba. Bi Barka alipoingia na bilauri ya maji ya vuguvugu na mafuta ya nazi, alikuta ukoo mzima ukiramba vyombo. Hakuuliza. Alimketisha mumewe, akamtilia maji na mafuta tone kwa tone, mpaka ulimi ukabanduka. Sahani ikabaki mikononi mwa Bi Barka, na kile kipande kikabaki ulimini mwa Obeid.

Bi Hadil akashika kifua. Lakini Bwana Jamaludin alichukua sahani, akainamia palipovunjika. Ndani palikuwa peupe, laini, pameshikamana kama nyama ya nazi, ndivyo ilivyo kaure ya kweli.

"Hii," akasema polepole, "hatuna kwetu."

Bi Hadil aliyekuwa akitafuta la kumwambia Lubna akajikuta anamkaribisha mkwe kahawa.

Kipande kilibandikwa tena na Obeid, kwa gundi aliyoiacha ikauke siku mbili bila kuisogelea. Ulimi wake ulipona, ingawa kwa muda alisema "sahani" kwa kithembe. Harusini waliketi sinia moja, yeye na Bwana Jamaludin, wakibishana juu ya buluu ya kweli na buluu ya kiwandani, mpaka biriani ikapoa na wenzao wakaimaliza.