Mchora Mipaka wa Gerezani

Pale mtaa wa Gerezani, Dar, kwenye kibaraza kilichobanwa kati ya duka la vipuri la Sadalla na mafundi wa kuchomelea vyuma, Mzee Augustino amekaa karibu miaka arobaini akichora ramani za shule. Hachori kwenye karatasi, maana karatasi haivumilii watoto. Anachukua viroba vya sukari, anavipasua, anavishona viwe kitambaa kipana, anapaka rangi nyeupe, ikikauka anashusha mistari. Walimu wakija Kariakoo kununua chaki na madaftari wanapitia kwake. Ingia darasa lolote huko Nachingwea au Kibondo, kama kuna kiroba kimetundikwa ukutani na Ziwa Tanganyika limekaa sawasawa, usiulize sana, ni mkono wake. Rula haijui. Analishusha ziwa lote huku anakupigia soga.

Na anajua anachokichora, msimchukulie poa. Aliishia darasa la saba, lakini vitabu vya jiografia amevisoma vyote vilivyopita mikononi mwa wauza vitabu vya mtumba. Siku moja mwalimu kijana wa Masasi alimuuliza kwa nini mipaka anaichora kwa rangi nyekundu na nene hivyo. Alijuta kuuliza, maana alisimama juani nusu saa.

"Mwalimu, dola ina vitu vinne," Augustino alimwambia, brashi mkononi. "Ardhi yenye mipaka, watu wanaokaa humo, serikali yenye kauli, na dola wenzake kukubali kwamba ipo. Taifa ni habari nyingine. Taifa ni watu wanaojiona wamoja, hata kama hawana serikali. Kuna dola moja yenye mataifa mengi ndani yake, na kuna watu wamoja waliokatwa katikati wakagawiwa dola mbili."

"Kama akina nani, mzee?"

"Kama sisi Wamakonde. Mjerumani na Mreno walikaa mezani huko kwao, wakaona kwenye karatasi kuna mto, wakasema basi, hapa ndipo mwisho wako na hapa ndipo mwanzo wangu. Hakuna aliyeuliza bibi yangu analima ng'ambo gani. Mto wenyewe kila masika unahama, lakini mstari uko palepale."

Alikuwa akiyasema hayo kwa raha zake, kama mtu anayesimulia mambo ya watu wengine. Masikini, hakujua kuwa anajisimulia mwenyewe.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Victoria. Mama yake, Euphrasia, mwanamke wa Songea, alifariki binti akiwa kidato cha tatu. Augustino akamsomesha kwa viroba vyake mpaka akamaliza chuo, ualimu wa Jiografia na Historia. Akamaliza, halafu? Halafu kukawa kimya. Miaka mitano alijitolea kufundisha shule moja ya sekondari, anaenda na kurudi, mwalimu kamili mwenye chaki na jina, ila si mwajiriwa. Kila serikali ilipofungua dirisha la maombi ya ajira, wenzake walijaza kwenye simu, yeye aliishia ukurasa wa kwanza. Mfumo ulidai namba ya kitambulisho cha taifa, na yeye hakuwa nayo. Hata laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la Sadalla.

Kilichokwamisha kitambulisho ni baba. Kwenye fomu Victoria alijaza kwamba baba yake amezaliwa Newala, basi, bila kijiji, na cheti cha kuzaliwa cha baba hakipo. Augustino alikuwa na kadi ya mpiga kura peke yake. Uchaguzi haujawahi kumpita. Ofisi ya vitambulisho wakasema hiyo haitoshi kuthibitisha uraia wa mzazi. Aje mwenyewe ahojiwe.

Dirisha la ajira lilikuwa limebakiza siku kumi na nane kufungwa. Jioni ya siku moja kabla ya mahojiano, Sadalla alifunga duka mapema, akavuta kigoda mpaka kwenye viroba. Sadalla ni mtu wa pwani hasa, babu yake kazaliwa mitaa hiyohiyo, na kwenye mambo ya ofisi ana akili ya kutosha kugawia watu.

"Kaka, kesho ukiulizwa umezaliwa wapi, sema Newala. Kijiji taja cha baba yako. Halafu nyamaza. Mdomo huponza kichwa."

"Baba ndiyo wa Newala. Mimi mama alinizalia kwao."

"Najua. Mimi najua, wewe unajua, na Mungu anajua. Tunatosha. Ofisi haina haja ya kuwa wa nne."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kwao, mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Mama yake Augustino alikuwa binti wa ng'ambo ya mto Ruvuma, ameolewa ng'ambo hii. Mwaka 1963, tumbo lilipokuwa kubwa, alipanda mtumbwi akaenda kuzaa kwao kama ilivyo ada. Hakuona kama anaenda nchi ya watu, alikuwa anaenda kwa mama. Akakaa huko, mtoto akatambaa, vita vya kumtoa Mreno vikaanza, kijiji kikachomwa, wakavuka kurudi usiku na mtoto mgongoni. Baba alikufa muda mfupi baadaye kwenye mashamba ya mkonge Lindi, hakuacha hata karatasi ya kufungia ugoro. Lakini kitovu cha mtoto kilibaki kimezikwa nyuma ya nyumba ya bibi. Na mama alimwambia Augustino, akarudia mpaka anakufa: mtu akikuuliza ulikozaliwa, taja pale kilipo kitovu chako, ukikana pale, umenikana mimi.

"Mwacha asili ni mtumwa," Augustino alimwambia Sadalla.

"Asili haijazi fomu," Sadalla akajibu, akarudi kwake amekasirika.

Kesho yake alivaa shati la Krismasi, akaenda. Aliyemhoji alikuwa binti anaitwa Shadya, mpole, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Hatutakuchosha. Hapa umeandikwa Newala. Ni kijiji gani?"

Jamani, mtu alichotakiwa ni kutaja jina moja akaenda zake. Kijiji cha baba alikijua, na kinywa alikifungua kukitaja. Lakini alimwona mama yake mbele yake, akaona haya. Na kuna kingine, tuseme ukweli: alikuwa amekaa mbele ya mtu anayemuuliza swali la jiografia, na tangu lini Augustino akaulizwa jiografia akajibu nusu?

"Mwanangu, nipe karatasi nikuoneshe," akasema.

Akapewa karatasi na kalamu. Akaushusha mto Ruvuma kwa mkono mmoja, kona zote, visiwa vya mchanga vyote. Akaonesha Newala hapa, kivuko hapa, na upande wa kusini akaweka nukta. Akaeleza ada ya kwao, mimba ya kwanza, mtumbwi, bibi. Akaeleza kwamba watu ni walewale huku na huku, wanavukiana misiba. Alieleza vizuri kabisa. Alipomaliza alijisikia mwepesi, ameusema ukweli na mama hajakanwa.

Shadya akaweka kidole kwenye ile karatasi.

"Baba, hii nukta iko ng'ambo."

"Ndiyo. Kwa bibi."

"Ng'ambo ni Msumbiji."

"Wakati ule hata Msumbiji yenyewe haikuwa dola, mwanangu. Ilikuwa mali ya Mreno."

Binti akatikisa kichwa taratibu, akaichukua karatasi, akaitoboa matundu mawili, akaitia kwenye faili. Ramani alizochora zilikuwa maelfu, na hii ndiyo ya kwanza kufunguliwa faili.

Wakamwambia alete shahidi aliyemjua baba yake, mtu wa umri, wa upande huu. Augustino alipiga simu Newala siku tatu mfululizo. Wote waliomjua baba wako makaburini. Alibaki mmoja, shangazi yake Mwanamkuu, dada wa baba tumbo moja, yu hai na akili zake timamu. Ila Mwanamkuu aliolewa ng'ambo zamani, kitambulisho chake cha Msumbiji. Alisafiri wiki nzima kwa miguu, mtumbwi na basi, akafika Dar amevimba miguu, akakaa mbele ya Shadya, akasema: huyu ni mtoto wa kaka yangu, na kaka yangu ni mtu wa Newala kama babu zake. Wakamshukuru sana. Wakasema ushahidi wa raia wa kigeni hauwezi kuthibitisha uraia wa Mtanzania.

Dirisha la ajira likafungwa siku ya Ijumaa saa kumi. Victoria alikuwa darasani anafundisha kidato cha pili. Alivyorudi hakulia, hakugomba, aliosha vyombo. Na afadhali angegomba, maana yule mzee alikaa ukumbini akisikiliza sahani zinavyogongana, akajua amemuua mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Barua nayo ikaja: Augustino awe anaripoti kila mwezi, uraia wake unachunguzwa. Ana miaka sitini na mbili. Alianza kuchora ramani kabla Shadya hajazaliwa, leo kila mwezi anapanga foleni kuuliza kama bado ni wa hapa.

Miezi saba ikapita, tangazo la dirisha jingine likatoka. Victoria alienda ofisini kujaribu tena, na Shadya, bila kuinua macho kwenye kompyuta, alimwambia, "Wapo waliolelewa na mama tu. Hao tunaangalia upande wa mama."

Victoria hakuhitaji nyongeza. Mama yake alikuwa na kila karatasi, tangu ya ubatizo. Zilitunzwa na mjomba Aaron huko Songea.

Alimletea baba yake karatasi ya kiapo pale kibarazani mchana, ameichapisha steshenari ya mtaa wa pili. Hakumpa mkononi, aliiweka juu ya kiroba ambacho rangi yake haijakauka, ikashika rangi kwenye pembe. Augustino alivaa miwani akasoma. Iliandikwa kwamba yeye Victoria amelelewa na marehemu mama yake na mjomba wake. Kwamba baba yake mzazi hamfahamu wala hajawahi kumwona. Kwamba jina la Augustino lililo kwenye vyeti vyake vya shule alipewa na mama kwa heshima ya jirani aliyewasaidia.

Akasoma mara ya pili. Alitamani ardhi ipasuke immeze na viroba vyake.

"Hili la jirani nani kaliweka?"

"Mimi, Baba."

"Sawa."

"Ukisema nisiende, siendi."

Alimtazama. Miaka ishirini na minane, soli ya kiatu imegandishwa kwa gundi mara tatu, mwalimu wa watu asiyekuwa na mshahara.

"Nenda," akasema. "Sadalla atakushuhudia."

Sadalla alikubali, akaomba toba mapema. Asubuhi walitoka wawili kwenda kwa wakili Hafidhi, Mchafukoge, ghorofa ya kwanza. Augustino alibaki, akashika brashi, akaiweka chini, akawafuata. Aliwakuta wameshaingia. Akasukuma mlango, akakaa kwenye benchi la nyuma.

Victoria alikuwa amesimama anasoma kiapo kwa sauti, mkono mmoja juu ya Biblia. Alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani, mpaka alipofika kwenye neno "simfahamu". Hapo alikwama, halafu akalisoma. Wakili Hafidhi aligonga muhuri, halafu ndipo alipomwona mtu mwingine chumbani.

"Na wewe, mzee? Una shida gani?"

"Nimewasindikiza."

"Wewe ni nani kwao?"

Sadalla alitazama dirishani. Victoria alishika ukingo wa meza, hakugeuka.

"Jirani," akasema Augustino.

"Aah, ndiye yule wa kwenye kiapo." Wakili akatabasamu, akamwonesha mlango kwa kalamu. "Basi tusubirie nje, mzee wangu. Humu tunamalizia mambo ya kifamilia."

Augustino akainuka, akatoka, akarudishia mlango taratibu ili usigonge.