Keki ya Kasingirima Isiyoandikwa Jina

"Hivi mtoto wa miaka mitatu anaijua siku aliyozaliwa, au mnajisherehekea wenyewe?"

Swali hilo Leonia Gasper aliulizwa miaka sita iliyopita na jirani yake, Winfrida, aliyekuwa amesimama upenuni kwenye sherehe ya mtoto, akila kipande cha keki aliyoipika Leonia mwenyewe. Watu walicheka. Leonia naye alicheka, lakini swali lilimkaa moyoni.

Leo ni Jumamosi asubuhi. Leonia amechuchumaa nyuma ya nyumba yake Buzebazeba, mbele ya jiko la mkaa. Sufuria kubwa imejaa mchanga wa ziwani uliooshwa na kuchekechwa. Katikati ya mchanga amekalisha sufuria nyingine yenye keki, na juu ya mfuniko ametandaza makaa. Oveni hana. Keki ikiiva huijua kwa harufu, na akiwa na shaka huichoma kwa njiti ya chelewa.

"Mchanga hauna haraka," anasema. "Moto ukizidi, mchanga unaupokea kwanza. Keki inapata baadaye, kwa upole."

Leonia, 43, hupika keki na kupanga sherehe za watoto wadogo mjini hapa. Ndiyo kazi inayomlisha yeye na wanawe wawili. Mwezi mzuri hupata keki nane. Kwaresima huweza kupita bila hata moja, naye halalamiki, kwa kuwa naye anafunga.

Wapo wapishi wa keki wenye oveni, lakini watu humfuata Leonia kwa desturi yake moja, iliyoanza baada ya swali la Winfrida. Hapokei kazi kabla hajakaa na mtu aliyekuwepo mtoto alipozaliwa. Anataka aambiwe siku ile ilikuwaje: kulikuwa na mvua au jua, nani aliteka maji, nani alicheka wa kwanza. Siku ya sherehe, mtu huyohuyo huwasimulia watoto kabla keki haijakatwa.

"Winfrida alisema kweli. Mtoto haikumbuki siku yake," anasema. "Basi anayeikumbuka ampe."

Mtoto mmoja alizaliwa ndani ya boti iliyotoka Kagunga, kabla haijafika mjini. Leonia, ambaye naye kwao ni Kagunga, alijaza maji kwenye karai, kila mtoto akaelesha kiboti chake cha karatasi. Nahodha wa siku ile aliitwa. Akaeleza jinsi wanawake walivyomzungushia mzazi vitenge, na wanaume wote wakaamriwa watazame upande wa Kongo mpaka waambiwe vinginevyo. Watoto walicheka mpaka soda zikamwagika.

Wiki mbili zilizopita alifika Esther, fundi cherehani wa Kasingirima. Binti yake, Wema, alikuwa amekula keki kwa jirani, na tangu hapo kila kukicha anauliza yake lini. Leonia akauliza nani alikuwepo. Esther akasita, kisha akasema ni mama yake mzazi, Bibi Marsiana, wanayeishi naye.

Leonia alimkuta bibi huyo uani akianika muhogo. Akampa shikamoo, akasifu muhogo, kisha akauliza mbele ya mtoto, kama anavyouliza kila nyumba: "Wema anatimiza mingapi, bibi?"

Bibi Marsiana aliacha muhogo juani, akaingia ndani. Hakutoka tena.

"Niliuliza jambo ambalo katika nyumba ile haliulizwi," Leonia anasema sasa, akipunguza makaa kwa koleo.

Esther ndiye aliyemfafanulia baadaye, njiani. Kabla ya mtoto huyu alizika watatu. Huyu wa nne alipozaliwa, bibi alimlaza kidogo juu ya takataka zilizofagiliwa uani, akamwokota kama kitu kisicho na mwenyewe, akamwita Kifagio. Jina la Wema alilipata kwa ubatizo. Mama yake humwita hivyo kwa sauti ya chini, lakini bibi hajawahi kulitamka. Miaka yake haihesabiwi. Hata chekechea hajapelekwa, kwa kuwa kule watoto huitwa kwa majina.

Si kwamba bibi si mtu wa kanisani. Rozari yake haikosi jioni hata moja. Esther alipomwambia kwamba wao wamebatizwa na mambo hayo ni ya zamani, alimjibu: "Mungu namwamini. Lakini kifo nimekiona kikiingia kwa mlango huu mara tatu, na kila mara kilikuta jina limeshatajwa sana."

Esther alitegemea Leonia angemshawishi mama yake. Leonia hakukubali kazi hiyo.

"Mimi ni mpishi," anasema. "Siwezi kumwambia mtu aliyezika kwamba asiogope."

Hata hivyo alirudi Kasingirima. Safari hii hakuuliza kitu. Alikaa akageuza muhogo pamoja na bibi, wakaongea habari za bei ya mawese. Jua lilipokaribia kuzama, bibi mwenyewe akauliza kama keki ni lazima iandikwe jina. Leonia akasema si lazima. Na mishumaa? Nayo si lazima.

"Basi waite watoto wote wa uani," bibi akasema. "Wakate wote kwa pamoja. Anayemtafuta mmoja achanganyikiwe."

Ndiyo maana keki inayofunuliwa asubuhi hii ni pana kuliko kawaida, na juu yake hakuna herufi hata moja. Winfrida anachungulia kwenye ua.

"Ya nani hiyo, mama?"

"Ya uani."

"Siku hizi hata ua unazaliwa!"

Leonia anacheka, anaifunika keki kwa kitambaa cheupe. Anasema oveni ya gesi ataipata, Mungu akipenda. Analoliomba zaidi ni jingine: mwakani aandike jina juu ya keki hii. Januari mtoto anatakiwa kuanza shule, na hakuna mwalimu atakayemwandikisha kwa jina la Kifagio.

Alasiri kunanyesha, kwa hiyo mkeka umetandikwa sebuleni kwa Esther. Watoto wamebanana kuizunguka keki, wote wamepakwa poda usoni. Bibi Marsiana ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Kisu kinashikwa na mikono mingi.

"Keki ya nani?" anauliza Frida, mtoto wa jirani.

Esther anatazama mkeka. Leonia anaushika mkono wa Frida wenye kisu, kisha anautuliza.

Bibi Marsiana anasimama. Anapita kati ya watoto mpaka alipo mjukuu wake, anamwekea kiganja kichwani.

"Siku ile mvua ilikatika asubuhi," anasema. "Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kulia. Alipolia yeye, nikadhani ni paka wa jirani."

Watoto wanacheka. Bibi anangoja wanyamaze.

"Ni ya Wema. Ametimiza mitano."

Mtoto anageuza uso juu kumtazama. Bibi anakaza kitenge chake kiunoni, anafungua mlango na kutoka kwenye manyunyu.