Hendeli ya Mlango wa Kulia

Imelda alikuwa na mimba changa mumewe Elihuruma alipoamua kung'oa vioo vya umeme kwenye gari lao kuukuu. Majira ya baridi ya mwaka 2005 kioo cha upande wa dereva kilikuwa kimedumbukia ndani ya mlango, theluji ikammwagikia mapajani kutoka kwao Brooklyn Park, huko ughaibuni, mpaka kazini kwake. Aprili akaenda yadi ya magari chakavu, akafungua mitambo ya kuzungusha kwa mkono kwenye gari la aina ileile, akarudi nayo akipiga mluzi.

Jumamosi nzima alishinda nje ya fleti. Alibandua paneli za milango, akatoa mota, akafunga mitambo mipya. Imelda alimshikia bisibisi, akamletea chai. Vioo vya nyuma alivikatia nyaya vikiwa vimefungwa. Mlango wa dereva ukapata hendeli ya kuzungushia kioo. Wa kulia, anakokaa Imelda, maana huko dereva hukaa kushoto, ukabaki na kijiti cha chuma chenye meno, kitupu.

"Yangu iko wapi?"

Elihuruma akapigapiga mfuko wa suruali. "Ninayo. Wewe unafungua ovyo, joto linapotea."

"Sasa hakuna baridi."

"Itakuja."

Imelda alidhani ni utani. Elihuruma alikuwa mtu wa kusifiwa: mhasibu, sauti ya besi kwenye kwaya ya kanisa, wa kwanza kuwapokea wageni uwanja wa ndege. Lakini hendeli haikurudi. Alitundika manukato makali mbele ya kiti cha Imelda, na akiombwa hewa aliongeza sauti ya redio. Siku moja Imelda alibeba plaizi mkobani, akabana kile kijiti, akakizungusha. Upepo ukamgusa shingo.  Elihuruma alimpokonya plaizi, akaitupa barabarani kupitia dirisha lake, halafu akatoa hendeli mfukoni, akapandisha kioo cha Imelda taratibu mpaka juu.

Jumapili ya mwisho wa Mei, wakienda kanisani, kichefuchefu kikamzidi.

"Simama, tafadhali."

Hakusimama. Imelda akakinga kwa mikono, matapishi yakajaa gauni. Walipofika akapewa taulo, akaambiwa asafishe kiti kwanza ndipo aingie ibadani. Akapiga magoti kwenye lami. Waumini walipita na Biblia zao, Elihuruma akiwashika mikono mlangoni. "Mama kijacho kanichafulia gari," aliwaambia, nao wakacheka.

Imelda akampigia simu Rahab, Mkenya aliyefanya naye kazi kwenye makao ya wazee huko Coon Rapids. Rahab alipofika akatazama gauni lile.

"Ingia. Kwenye hiyo gari hutarudi tena."

Wiki iliyofuata, Imelda akiwa kwa Rahab, wazee wa kanisa wakamwita. Alimkuta Elihuruma ameshakaa, suti imenyooka, macho yanalengwa na machozi.

"Mlango nimeshautengeneza," alisema kwa upole. "Namwomba mke wangu arudi."

Mzee mmoja akatabasamu. "Kumbe ni dirisha tu, binti yetu?"

 Kila neno lililomjia Imelda, akilipima mbele ya nyuso zile, lilionekana dogo. "Sirudi," akasema, akatoka.

Ikaenea kwamba Imelda ameacha ndoa kwa ajili ya dirisha. Alijifungua Oktoba, mtoto wa kike. Katika wanawake wa kwaya hakuja hata mmoja. Rahab alimpikia uji, akamkanda mgongo kwa maji ya moto, kisha akawahi zamu.